Kompyuta Yako Inauliza Nani?

Somo hili ni juu ya ugonjwa mmoja wa kompyuta ambao hapa Kampene tumeuona katika ofisi zaidi ya moja, na watu wanautibu vibaya. Mtu anakaa mbele ya mashini, anaandika jina la ukurasa, anangoja, na mashini inamjibu kwamba haioni kitu. Mwenzake wa meza ya pili anafungua ukurasa ule ule bila taabu. Hapo kelele zinaanza: "Rezo haiko!" "Ni virusi!" "Hii mashini imekufa, tuformate tu!"

Neno hili la mwisho ndilo linalotutia hofu. Kuformata ni kufuta. Katika kompyuta ya ofisi ya shule mna pointi za wanafunzi, mna orodha ya wale wanaokwenda kufanya Mtihani wa Serikali, mna barua na hesabu za malipo. Tunajua ofisi moja ambako hayo yote yalifutwa kwa siku moja, na ugonjwa wenyewe dawa yake ilikuwa kubadilisha namba moja tu. Walimu walirudia kuandika pointi za muhula mzima kutoka katika daftari zao, na daftari moja lilikuwa limelowa mvua. Sisi wa mwaka wa mwisho tunaandika haya kusudi neno kama hilo lisitukie tena, maana pointi hizo ni zetu.

Tuanze na jambo lenyewe. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba, kama 192.168.1.10. Sisi watu hatuwezi kushika namba nyingi kichwani, basi tunaandika majina, na mashini inakwenda kuuliza mahali: "Jina hili namba yake ni ngapi?" Yule anayeulizwa anaitwa seva ya majina. Mafundi wanasema DNS. Hapo mwanzo seva hizo hazikuwako. Ilikuwako orodha moja tu, iliyotunzwa kule California na Elizabeth Feinler na wenzake katika Stanford Research Institute, na kila aliyetaka majina alinakili orodha hiyo. Mashini zilipozidi kuwa nyingi orodha ikashindwa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatunga mpango wa seva za majina unaotumika mpaka leo. Nchi yetu nayo imepita humo. Zamani majina yetu yaliishia kwa .zr, yaani Zaïre. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997 tukapewa .cd, na ile .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Ukiandika leo jina la .zr, seva itakujibu kwamba hakuna kitu kama hicho.

Sasa tusikilize vizuri, sababu hapa ndipo kiini cha somo.

Mgeni anafika kijijini, anamtafuta mama mmoja anayeuza mawese. Anakwenda kwa kapita wa kijiji. (Hatusemi kapita wa darasa, huyo ana kazi zake nyingine za kuandika majina ya wapiga kelele.) Kwa kapita mambo matatu yanaweza kutukia. Kapita anamwonyesha nyumba. Au kapita anasema, "Huyo mama haiko hapa." Au kapita mwenyewe haonekani, amekwenda shamba, mlango umefungwa. Akikuta mlango umefungwa, mgeni atakwenda kwa kapita mwingine. Lakini akiambiwa "haiko", amekwisha kujibiwa. Hatauliza tena, atarudi kwao na kusema mama huyo hakuna.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Ukiipa seva mbili za majina, haiendi kwa ya pili kwa sababu ya kwanza imesema "haiko". Inakwenda kwa ya pili kama ya kwanza imenyamaza. Wengi hawajui hili, hata wengine wanaojiita mafundi. Wanadhani seva ya pili ni kama buku la pili katika maktaba, kwamba usichokiona katika la kwanza utakiona katika lile lingine. Sivyo.

Tutoe mfano wa ofisi kama zilivyo hapa kwetu. Juu ya nyumba kuna paneli za jua na sahani ya setilaiti. Ndani kuna betri, ruta yenye namba 192.168.1.1, mashini tatu za Windows za Kifaransa, printa moja, na simu za wafanyakazi. Kuna pia kompyuta moja nzee inayotumia Ubuntu, ambayo ndiyo inatunza mafaili ya wote. Tuiite sanduku. Namba yake ni 192.168.1.10, jina lake sanduku.internal, na ndani yake kuna programu ndogo, dnsmasq, inayojibu majina ya ofisi. Jina la nje ikiulizwa, inakwenda yenyewe kuuliza nje na kuleta jibu. Ofisi kama hiyo ikipangwa sawasawa inatembea miaka.

Basi siku moja intaneti inachelewa. Anatokea mtu, anasema, "Weka nane nane tu!" Maana yake 8.8.8.8, seva ya majina ambayo Google iliifungulia watu wote mwaka 2009. Anaitia kwa mkono katika mashini mbili, ya tatu anaiacha juu ya haraka. Intaneti inafunguka, watu wanashukuru. Kesho yake mashini mbili hizo hazioni sanduku, wala mafaili. Juu ya nini? Kapita wa Google anajua majina ya dunia nzima, lakini sanduku letu la Kampene hajalisikia kamwe. Anajibu "haiko", na mashini inasadiki.

Mwingine anafanya kwa hekima kidogo, lakini matata yake ni makubwa zaidi. Anaandika ya kwanza 192.168.1.10, na ya pili 8.8.8.8 "kwa msaada". Kwa juma moja kila kitu ni kizuri. Halafu jioni moja betri inashuka, sanduku linazimika dakika mbili, Windows inakwenda kwa ya pili, inaambiwa sanduku.internal "haiko", na jibu hilo inalitunza kwa muda. Mashini za Ubuntu za siku hizi nazo zina tabia yao: zikihamia kwa seva ya pili zinakaa huko huko mpaka ile ya pili nayo inyamaze. Kwa hiyo asubuhi mashini moja inaona sanduku, nyingine haioni, saa sita zimebadilishana. Ugonjwa wa kuja na kwenda unachosha kuliko ule wa kulala kabisa, maana kila mtu anamshtaki mwenzake.

Basi seva zote unazoiandikia mashini lazima ziwe zinajua mambo yale yale. Kama inayojua majina ya ofisi ni moja tu, andika hiyo moja. Mtu atauliza, na sanduku likizimika je? Hapo ofisi nzima inakosa majina, ni kweli, hatufichi. Lakini angalau wote wanakosa pamoja na sababu inaonekana kwa macho. Sanduku na ruta vitiwe katika betri ya kwanza, vya mwisho kuzimwa. Tena ruta nyingine zinaweza kushika majina machache ya ofisi zenyewe. Ukiwa na ruta ya namna hiyo, mpe kazi yeye, maana ruta ikizimika rezo yote imekwisha kufa na hakuna anayeuliza.

Namna ya kutafuta ugonjwa ni hii. Andika ping 192.168.1.1. Ruta ikijibu, waya au wifi ni mzima. Andika ping 8.8.8.8. Ikijibu, sahani nayo ni nzima. Halafu ping na jina lolote unalojua. Kama namba zinajibu lakini mashini inasema haiwezi kulipata jina, acha waya, acha sahani, acha virusi: ugonjwa ni wa majina. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na haili mega.

Baadaye uliza mashini yenyewe inauliza nani. Kwa Windows andika ipconfig /all na utafute mstari wa Serveurs DNS. Kwa Ubuntu andika resolvectl status. Kuna watu wanafungua faili la /etc/resolv.conf, wanakuta 127.0.0.53, wanashtuka na kuifuta. Usiifute. Namba hiyo ni mashini inajiuliza yenyewe, kama mtu anayefikiri kabla ya kutoka nje. Seva ya kweli iko nyuma yake. Na kama kwa Windows utaona kwanza namba ndefu yenye herufi na nukta mbili mbili, ujue ruta inatoa pia seva ya njia mpya, IPv6, na pengine kapita huyo hamjui sanduku. Kwa ofisi ndogo ni heri kuizima hiyo katika ruta.

Halafu linganisha. Andika nslookup sanduku.internal, kisha nslookup sanduku.internal 192.168.1.10. Ya pili ni kama kumshika mgeni mkono na kumpeleka kwa kapita unayemtaka. Ikijibu ya pili na ya kwanza haikujibu, mashini inauliza kapita asiye wake. Angalia pia jibu lilivyo: kuambiwa jina hakuna ni jambo moja, kungoja bila jibu ni jambo lingine kabisa, na dawa zake mbalimbali.

Dawa kwa Windows ni kurudi kwenye Obtenir les adresses des serveurs DNS automatiquement, na kuandika seva mahali pamoja tu, ndani ya ruta, ili iwagawie wote. Anayezunguka mashini kwa mashini akitia namba kwa mkono anajipandia magugu. Ukiisha, safisha kumbukumbu: ipconfig /flushdns kwa Windows, resolvectl flush-caches kwa Ubuntu. Pasipo hivyo mashini itaendelea kurudia jibu la jana, na utadhani dawa haikufaa.

Simu zina ujanja wao. Tangu Android 9, mwaka 2018, katika mipango yake mna DNS privé. Mtu akiandika humo jina la seva ya nje, simu haimuulizi tena kapita wa ofisi hata kidogo. Firefox nayo inaweza kuuliza kwa njia yake, pembeni ya mashini. Kwa hiyo ping ikikubali jina na Firefox ikalikataa, tafuta humo.

Usisahau faili linaloitwa hosts. Kwa Ubuntu liko /etc/hosts, kwa Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc. Lililoandikwa humo linashinda seva zote. Fundi wa miaka mitatu iliyopita aliandika namba ya sanduku, sanduku likabadilishwa namba, na mashini hiyo moja inaendelea kugonga mlango wa zamani.

Juu ya kuchagua majina: usiite ofisi yako kitu.local. Mashini za Apple na za Ubuntu zikiona .local haziendi kwa kapita, zinapiga kelele ndani ya nyumba, "Nani anaitwa hivi?", na Windows pengine inafanya vingine. Katika ofisi yenye mchanganyiko hiyo ni fujo. ICANN, wanaosimamia majina ya dunia, mwaka 2024 walitenga .internal kwa kazi za ndani, ndiyo sababu tumelitumia.

Kuna pia ugonjwa unaofanana na huu na siyo huu. Betri ndogo ya ndani ya mashini nzee ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Hapo jina linapatikana, lakini kurasa nyingi zinakataa kufunguka na kusema hazina usalama. Angalia tarehe chini ya kioo kabla ya kugusa kingine.

Na mara nyingine kosa haliko kwenu kabisa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp zilinyamaza dunia nzima saa karibu sita. Katika kazi ya matengenezo waliikata rezo yao ya ndani, na seva zao za majina, zilipojiona zimetengwa, zikajiondoa zenyewe katika njia za intaneti. Mashini za Facebook zilikuwa zinawaka, lakini hakuna aliyeweza kuuliza ziko wapi. Siku kama hiyo nslookup ya jina lingine itakujibu vizuri, na utajua uendelee na kazi nyingine.

Anayetaka kujaribu kwa mikono yake aje Jumatano baada ya masomo katika darasa la mwaka wa mwisho, akiwa na kalamu na karatasi ya kuandikia namba zote za ofisi: ya ruta, ya sanduku, ya printa, na tarehe zilipobadilishwa. Karatasi kama hiyo itabandikwa ukutani karibu na ruta. Wenye simu za Android wanaotaka kuonyeshwa DNS privé waombe kwanza ruhusa kwa mwalimu wa zamu. Jua lisipowaka vya kutosha kujaza betri, tutakutana Ijumaa.