Je, Nyaya za Umeme Zaweza Kutudhuru?

Likizo iliyopita nilikwenda kukaa na shangazi yangu, muuza dagaa. Nyumba yake i kando ya mkuza wa umeme wa kilovolti 220 utokao Shinyanga kuja Mwanza. Nilimkuta mjukuu wake ana homa siku ya tatu. "Mwanangu," aliniambia, "ni nyaya zile. Zinavuma usiku kucha." Alikuwa tayari kuuza kiwanja kwa bei ya kutupa.

Basi na tutazame sayansi yasemaje. Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliopitisha umeme. Tangu hapo twajua kwamba kila waya wenye mkondo huzungukwa na uga sumaku. Uga huu hupungua upesi mtu akisogea mbali. Umeme wetu hufanya mizunguko 50 tu kwa sekunde, hivyo hauwezi kuharibu chembe za mwili jinsi eksirei ziwezavyo.

Hata hivyo wataalamu hawakupuuza jambo hili. Mwaka 1979 Wertheimer na Leeper waliandika kwamba katika Denver, Marekani, saratani ilionekana zaidi kwa watoto walioishi karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa. Mwaka 2002 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka uga sumaku wa namna hii katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, kwa sababu ya saratani ya damu ya watoto. "Huenda" si "hakika": haikuthibitishwa kuwa ndio chanzo. Kikomo kilichopendekezwa kwa raia mwaka 2010 ni mikrotesla 200, na kwa kawaida chini ya nyaya kubwa kipimo hakifiki hapo.

Lakini homa ni jambo jingine. Nilimsihi shangazi tumpeleke mtoto zahanati. Damu ilipopimwa, ikaonekana malaria. Alipewa dawa, na baada ya siku chache alikuwa akicheza.

Hatari iliyo wazi ya nyaya ni kuzigusa zikianguka, au kuinua mti mrefu chini yake. Kiwanja hakikuuzwa, ila kichanja cha dagaa, kilichokuwa ndani ya mkuza, tulikihamisha siku ile ile. Tuogope linalostahili kuogopwa, na mgonjwa tumpeleke kwa mganga mapema.