Prosesa ya bei nafuu: kasi ya ziada si bure

Anayenunua prosesa ya kompyuta hulipia vitu viwili: kasi, na dhamana ya mtengenezaji kwamba kasi hiyo itadumu. Biashara ya mwaka 1998 yaonyesha tofauti yake.

Agosti 24 mwaka huo, kampuni ya Intel ya Marekani iliingiza sokoni prosesa hizi mbili kwa siku moja. Pentium II ya megahezi 450 ilikuwa dola 669. Celeron 300A ya megahezi 300, dola 149. Hizo ni bei za jumla, kwa anayechukua 1,000.

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha kasi ya bodi kuu kwa namba maalumu. Zote mbili zilifungwa kiwandani kwenye namba 4.5. Celeron ilipangiwa bodi ya megahezi 66, Pentium II bodi ya 100. Mnunuzi aliyepandisha bodi ya Celeron hadi 100 alipata megahezi 450, akiwa amelipa chini ya robo ya bei.

Hiyo haikuwa ajali. Kiwanda huacha nafasi ya usalama, na hupanga daraja za bidhaa kwa kuangalia pia mahitaji ya soko. Hivyo prosesa yenye uwezo mkubwa yaweza kuuzwa kwa daraja la chini.

Lakini si kila Celeron ilifika 450. Nyingine zilidai umeme zaidi ya volti 2.0 zilizowekwa na kiwanda, na joto likapanda. Nyingine ziligoma kabisa. Tena, dhamana ya kiwanda haihusu prosesa inayokimbizwa kupita kiwango chake.

Walaghai nao hawakulala. Katika miaka ya 1990 walifuta maandishi ya prosesa, wakaandika kasi kubwa na kuziuza kwa bei ya juu. Mnunuzi alilipia dhamana isiyokuwepo.

Kwa mfanyabiashara, hesabu ni hii: tofauti ya dola 520 ni faida kama kompyuta ni ya michezo, kwa kuwa ikizima mchezo huanzishwa upya. Ikiwa imebeba madeni ya wateja na orodha ya mali, kosa moja katika faili laweza kumeza akiba yote.

Watengenezaji walijifunza. Tangu mwaka 2010 Intel huuza prosesa zenye herufi K, zisizofungwa namba ya kuzidisha, kwa kawaida kwa bei ya juu kuliko wenzao waliofungwa. Nafasi iliyokuwa bure sasa ina bei yake.

Mnunuzi makini huchagua prosesa kwa kasi iliyoandikwa na kiwanda, si kwa ile inayosimuliwa. Akitaka kujaribu zaidi, hutumia mashine isiyo ya kazi, huweka feni ya kutosha, huipa kazi nzito kwa saa nyingi, na hutunza nakala ya kumbukumbu zake mahali pengine.