SOMO: KABLA YA KUPANDA MLIMA, JUENI MTALALA WAPI

Ndugu na dada wa vikundi, vijana wetu wengi hupanda Mlima Kenya. Wengine ni wapagazi wa wageni, wengine wanaenda kujionea tu. Wakipanga safari wanauliza, "Njia fupi ni ipi?" Hilo liwe swali la pili. La kwanza ni, "Tutalala wapi, na ni juu kiasi gani?"

Kwa nini? Huko juu hewa ni nyepesi. Mtu akipanda haraka kichwa kinamuuma, anatapika, anayumba kama mlevi. Asiposhushwa anaweza kufa, hata akiwa kijana mwenye nguvu. Kushuka ndiyo dawa, hata kama ni usiku.

Sasa tuangalie njia tatu za kufika Lenana (mita 4,985):

1. Naro Moru, upande wa magharibi. Mnalala Met Station (mita 3,050), kisha Mackinder's (karibu mita 4,200). Ni fupi, lakini kwa siku moja mnapanda mita 1,150, tena mnapita kinamasi kinachochosha sana.

2. Sirimon, kaskazini-magharibi. Mnalala Old Moses (mita 3,300), kisha Shipton's (karibu mita 4,200). Hapa mnapanda mita 900, na nyumba za kulala zipo.

3. Chogoria, mashariki. Inapendeza sana. Lakini mkishapita nyumba zilizo karibu na geti, msitegemee paa lingine. Bebeni hema.

Njia yoyote mtakayochagua, ongezeni usiku mmoja wa kupumzika kabla ya kilele. Gharama yake ni ya siku moja zaidi. Hiyo si hasara.

Kumbukeni pia:
- Epukeni Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Ni miezi ya mvua.
- Ulizeni mapema kama nafasi ya kulala ipo.
- Usiku maji huganda. Blanketi moja halitoshi.
- Msiwashe jiko la makaa ndani ya hema. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.
- Mwachieni mtu kijijini karatasi yenye majina, njia na siku ya kurudi.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Mwenzetu akianza kuyumba usiku, nani atamshusha, na kwa njia gani?
2. Mkubwa wa msafara akisema "twende tu", nani ana ruhusa ya kusema hapana?

Msiondoke kabla ya kuyajibu.