Mkienda Shamba, Mna Mwenyeji

Wadogo zangu, korosho zimeanza kudondoka na wababa nao wameanza. Ijumaa jioni unasikia tu, "Kesho tunaenda shamba," utadhani shamba lenyewe liko nyuma ya nyumba, kumbe liko Mkuranga huko, ng'ambo ya foleni ya Mbagala. Wewe ndio kwanza unavua viatu vya kazini, mdogo ana mafua, sare za shule zimelala kwenye beseni. Ukinuna unaambiwa hupendi maendeleo.

Leo tuongee habari hiyo ya shamba la wikiendi, maana naisikia saluni, naisikia kwenye vikoba, mpaka kwenye foleni ya maji. Siwaambii msiende. Nendeni! Watoto wetu wa Tabata na Kimara wanaamini nanasi linaning'inia mtini kama embe. Wakashike udongo, wakaone kuku anavyotaga. Ila nataka mwende kwa adabu fulani, na mkiishika hiyo adabu mtashangaa jinsi ugomvi unavyopungua, na majeraha pia.

Tatizo kubwa ninaloliona ni kwamba familia ya mjini ikifika shamba inajiona imefika kwake. Ni kweli, karatasi ya mauziano ina jina la baba, mhuri wa serikali ya kijiji upo, mashahidi walisaini. Lakini anayelala pale ni msimamizi na mkewe na watoto wao. Yeye ndiye anayeamka usiku kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo. Yeye anajua nyuki wamehamia mti gani tangu mara ya mwisho mlipokuja. Ninyi siku hiyo ni wageni, hata kama mnalipa mshahara, na mgeni hupiga hodi.

Hodi yenyewe inaanzia kwenye simu. Usipige Jumamosi asubuhi ukiwa umeshafika Kongowe. Piga Alhamisi, salimia kwanza, uliza watoto, halafu uliza wamepungukiwa nini: sabuni, chumvi, mafuta ya kula, betri za tochi. Na kabla hujapakia hayo makreti ya soda, muulize mwenzio kama mshahara wa mwezi umelipwa. Msimamizi anayedai miezi miwili, akiona mnashusha majokofu ya vinywaji na spika ya muziki, atawaambia "karibuni sana" na hatawaambia lingine lolote. Hapo mnakosa maneno ambayo mngeyahitaji sana kabla ya saa sita mchana.

Sasa kuku. Jamani, kuku! Baba anashuka kwenye gari, hajanywa hata maji, ananyoosha kidole: "Yule jogoo mkubwa leo tunaye." Yule jogoo mara nyingi si wa shamba. Ni wa mke wa msimamizi. Amemlea toka kifaranga, ndiye ada ya mtoto, ndiye nauli ya kwenda kliniki. Mama wa watu hawezi kumkatalia bosi, basi jogoo anachinjwa, na ninyi mnaondoka mkisifia kuku wa kienyeji alivyo mtamu. Wewe mwanamke ndiye wa kuzuia hili. Mvute huyo mama pembeni, muulize kuku ni wa nani, mtajie bei ya mjini na umpe hela mkononi, yeye mwenyewe. Usimpe mumewe akampe.

Na kupika vilevile. Wengi wenu mnachukia shamba kwa sababu mnapika mara mbili. Alfajiri unakaanga maandazi na kufunga chupa za chai, mchana umeinama kwenye mafiga moshi unakutoa machozi, jioni unarudi kuosha masufuria yaleyale, huku wengine wamepumzika wanasema hewa ya shamba ni safi. Shoga, hayo si matembezi. Kubaliana na mwenyeji mapema apike yeye, umlipe kwa kazi hiyo mbali na mshahara wa mumewe, na wewe ulete mchele, mafuta na viungo. Akikupikia kisamvu cha nazi na samaki wa kuchoma, kula. Usianze kumwelekeza.

Mkishafika, kabla ya watoto kutawanyika, kuna jambo moja nawaomba mlifanye kila mara, hata kama mlikuwa hapo wiki iliyopita. Mwombeni mwenyeji awazungushe. Mtembee nyuma yake, watoto wote, na msichana wenu wa kazi kama mmekuja naye. Mwenyeji atasema kisima ni kile na mfuniko wake ni mbovu, msisogee. Lambo la ng'ombe wa jirani msioge, lina konokono wa kichocho. Mihogo ya upande huu ni mitamu, hata mbichi huwa tunatafuna. Ya upande ule ni michungu, hailiki mpaka imenywe, ilowekwe na kuanikwa. Mtoto wa mjini hawezi kutofautisha, na hata wewe huwezi. Majani yanafanana na sumu haionekani. Atawaonyesha upupu uliojisokota kwenye uzio, maganda yake yana manyoya ya kahawia yanayong'aa kama mahameli, na mtoto lazima atataka kuyapapasa. Akishapapasa, usimsugue wala asijikune. Gandua vile vinyoya kwa selotepu au donge la ugali, ndipo umwoshe. Atawaambia pia mbwa yupi hana utani. Mbwa akimng'ata mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, na siku hiyohiyo hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuna kusubiri kuona mbwa ataugua au la.

Kisha uliza dawa zinawekwa wapi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanaogopa nyoka wakati hatari imesimama dirishani ndani ya chupa ya soda. Mikorosho hupigwa dawa kati ya Juni na Agosti kwa ajili ya ubwiriunga, na bado kuna za wadudu wa mboga, za kupe, na mafuta ya taa. Msimu ukiisha yanabaki mabaki, na mabaki yanahamishiwa kwenye chombo chochote kilichopo. Mara nyingi chombo hicho tumekileta sisi. Wikiendi iliyopita mlikunywa soda, chupa mkaziacha, mwenyeji akaona zina kazi. Mtoto wako anaijua ile chupa, anaijua rangi yake, na ana kiu. Kwa hiyo chupa zenu rudini nazo mjini. Mnunulieni msimamizi sanduku la bati na kufuli, bei yake haizidi ya hizo nyama choma zenu. Dawa zote zibaki kwenye makopo yake yenye lebo, ndani ya sanduku. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe na usimpe maziwa, hata bibi akisisitiza vipi. Mbebe uende hospitali pamoja na ile chupa au kopo, daktari aone ni kitu gani.

Nyoka nao wapo, sitawadanganya. Kifutu hulala katikati ya njia akisubiri ukanyage, kwa hiyo viatu vya kufunika mguu, si malapa, na jioni tochi. Swila hutema sumu machoni. Osha macho kwa maji mengi mno na uende hospitali. Mtu akiumwa na nyoka, mtulize, mvue pete na bangili kabla hajavimba, ufunge kiungo kwa mti kama kilichovunjika ili kisitikisike, mbebeni asitembee. Msifunge kamba ya kukaza, msichanje, msinyonye. Na lile jiwe jeusi ambalo kila kijiji kina mzee mwenye nalo, halivuti sumu, linavuta muda. Swali la kumuuliza mwenyeji mapema ni hili: dawa ya sumu ya nyoka inapatikana hospitali gani? Zahanati ya karibu huenda haina, na saa ya dharura si saa ya kufanya utafiti.

Siafu mtaruka tu na kuvua nguo, mtacheka baadaye. Nyuki ni kukimbia, mbali, mpaka ndani ya nyumba au gari, bila kuwapiga.

Turudi kwenye korosho, maana ndizo zimetupeleka. Hakuna kitu watoto wanapenda kama kuchoma korosho, na hakuna kitu wazazi wa mjini wanakidharau kama hicho. Mtazame mke wa msimamizi anavyofanya. Bati kuukuu lililotobolewa matundu liko juu ya mafiga, korosho na maganda yake zimetandazwa. Amesimama upepo unakotokea, mti wa kukorogea ni mrefu kuliko mkono wake mara mbili. Zinaanza kulia, maganda yanatoa mafuta meusi, mara moto unaruka juu ya bati na moshi mzito unaelekea upande ambao wajuaji wa mjini wamejipanga na simu kupiga picha. Yeye hana haraka. Zikishaiva anapindua bati, anazifukia kwa mchanga mpaka moto ufe, anaziacha zipoe kabisa, anazikoroga na majivu, ndipo anawaita watoto na mawe yao waje kubangua. Kila hatua hapo ina sababu. Yale mafuta ya ganda yanababua ngozi. Mtoto anayeokota korosho mbichi chini ya mti na kuing'ata apate kokwa huamka kesho yake midomo imechubuka kama aliyeungua, na mama yake anadhani ni aleji ya nanasi. Kwa hiyo sheria ni moja: hakuna kung'ata, na wa kuchoma ni mwenyeji. Akiungua kwa moto, mimina maji ya kawaida juu ya jeraha dakika 20. Dawa ya meno, unga na yai viacheni jikoni. Na mabibo wale, ni matamu, lakini wavalishe nguo ambazo huzionei huruma, maana utomvu wa bibo hautoki hata kwa jiki.

Jambo lingine linalonikera, mtanisamehe. Mnafika na watoto wenu wawili, kuna watoto wa msimamizi wanne, mnawageuza kuwa watumishi. "Wewe kachote maji. Wewe mkwelee dada nazi." Wale ni watoto, nao ni Jumamosi yao. Geuza mambo: wape watoto wako kazi chini ya hao wenzao. Binti wa msimamizi wa miaka kumi anajua kufunga mbuzi, kuokota mayai bila kumkasirisha kuku, kupalilia bila kung'oa mche. Mwambie mwanao, "Leo mwalimu wako ni huyu, na umwite dada." Nimewaona watoto watundu kabisa wakitulia kwa utaratibu huo, kwa sababu kwa mara ya kwanza wamepewa kazi ya kweli inayoweza kuharibika. Kumwambia mtoto "cheza" katikati ya ekari tano ni kumtuma kisimani. Na kama umeleta zawadi za nguo za mitumba, mpe mama yao kwenye mfuko, kimya. Usiwapange watoto wa watu foleni na kuwapiga picha.

Kuondoka ni saa tisa, si saa kumi na mbili. Najua baba atakuwa ndio kwanza amekaa chini ya mwembe na wazee wa kijiji, anajadili mipaka. Mkumbushe kistaarabu. Mbu wanaanza kazi magharibi, barabara ya vumbi haina taa, na pale Rangi Tatu hamtapita kwa kuomba. Na mwende Jumamosi, msiende Jumapili. Jumapili iwe ya nguo, ibada, na kutoa mwiba mguuni mwa mtu fulani kwa sindano na kelele zote.

Nimebakiza swali ambalo mnaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, yeye anataka kila wiki. Nifanyeje?" Usigombane naye kuhusu shamba, utashindwa, kwa sababu hela yake iko pale na moyo wake uko pale. Watu walioungua na kilimo cha simu ni wengi, na mtu anayekwenda kuangalia mali yake ana haki. Gombaneni kuhusu kalenda. Mpe Jumamosi moja kwa mwezi ya familia nzima, mkae na mpango mzuri wa chakula na kila kitu. Jumamosi nyingine aende mwenyewe, alfajiri, kwa pikipiki au daladala, arudi mchana. Msimamizi atafurahi kuongea naye wawili tu, mtalipa kidogo kwenye mafuta, na wewe utalala mpaka saa mbili. Akikwambia peke yake haendi kwa sababu hakuna wa kumpikia, basi mwambie yule mama wa shamba anapika vizuri, bei yake unaijua, na namba yake ya simu unayo.