Haya Inayomrudisha Mgonjwa Njiani

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 26 na huu ni mwaka wa tano anabwia unga. Mara tatu ameniahidi kwenda kliniki ya methadoni, na mara tatu amegeuka njiani. Safari ya mwisho alioga alfajiri, akavaa shati nililompigia pasi, tukafika kituoni. Konda wa daladala akasema, “Teja, toa nauli kwanza,” naye akarudi nyumbani kimya, na jioni akabwia. Wajomba zake wanataka aitwe mbele ya ukoo, atahayarishwe ili apate ari. Niwakubalie? Mama, Mbagala.

JIBU: Mama yangu, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila nifikapo penye lile shati lililopigwa pasi nasita, kwani kijana anayeamka alfajiri akajitengeneza ili aende kutibiwa hakukosa ari hata chembe. Ari anayo, ila ilizidiwa nguvu na fedheha, kwa neno moja lililotoka kinywani mwa mtu asiyemjua.

Sisi tuliolelewa pwani tumefunzwa kuwa haya ni pambo la mwanadamu, wala siyakanushi mafunzo hayo, lakini yatupasa tupambanue baina ya majuto na fedheha: mwenye majuto hujiambia kwamba ametenda baya, akatafuta njia ya kulisahihisha, ilhali mwenye fedheha huamini kwamba yeye mwenyewe ndiye mbaya, na aliyekwisha kuamini hivyo haoni faida ya tiba yoyote, hutafuta tu mahali pa kujisitiri, na kwa mraibu maficho yaliyo karibu kuliko yote ni ule unga wenyewe. Mwaka 1993 mtaalamu wa nafsi wa Marekani, William Miller, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu walioshindwa na pombe, wakabainisha kwamba kadiri mshauri alivyomkabili mgonjwa kwa ukali, ndivyo mgonjwa alivyozidi kunywa, hata mwaka mmoja baadaye. Basi kikao cha wajomba, ijapokuwa nia yao ni njema, sikubaliani nacho.

Iko pia hofu, nayo ni hofu ya arosto: kamasi na machozi kumtiririka, viungo kumuuma kana kwamba vinapondwa, tumbo kumsokota na usingizi kumhama usiku kucha, mambo ambayo mwanao ameyaonja na hataki kuyarudia. Mweleze, kabla hamjatoka nyumbani, kwamba methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, ikamkinga na adha hiyo kwa siku nzima, na kwamba tiba hii, iliyoanza Muhimbili mwezi wa Februari 2011 na kisha ikafika Mwananyamala na Temeke, hutolewa bila malipo. Na ikiwa huzuni yake ni ya kudumu, hali chakula, haoni ladha ya jambo lolote, mwambieni mganga palepale kliniki, kwa kuwa sonona nayo ni maradhi, nayo hutibika.

Mteue mjomba mmoja tu, yule ampendaye, amsindikize. Mkodishie bajaji kama uwezo upo, asipite tena kituoni. Na jioni ya kabla ya safari, badala ya kumhesabia makosa, muulize alikuwa akitumaini nini alipokuwa akioga alfajiri ile, kisha umwache aseme, usimkatize, hata akinyamaza kitambo kirefu.

Jambo la mwisho, mama, tafadhali wafahamishe wote nyumbani: akiacha unga kwa siku kadhaa kisha akaurudia kwa kiasi kilekile alichokizoea, mwili hauwezi tena kukistahimili, na pumzi yaweza kukatika. Mkimkuta haamki na anapumua kwa shida, mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali saa ileile.