Kinga Inapolinda na Kuumiza Moyo: Uvimbe wa Misuli ya Moyo Unaosababishwa na Virusi

Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Geita au Kahama anapopatwa na homa, mafua na maumivu ya viungo, mara nyingi hupumzika siku mbili au tatu, humeza dawa ya maumivu, kisha hurudi duarani. Wengi hawapati madhara. Kwa wachache, homa hupoa huku ugonjwa mwingine ukianza: uvimbe wa misuli ya moyo, uitwao kitaalamu mayokadaitisi.

Miongoni mwa virusi vinavyousababisha, vilivyochunguzwa sana ni virusi vya Coxsackie B. Hivi huenea hasa kwa kinyesi kufika mdomoni kupitia mikono na maji machafu, hivyo kambi ya wachimbaji isiyo na vyoo huvipa nafasi. Virusi vya mafua makali, vya UVIKO-19 na VVU pia huweza kudhuru moyo.

Hatua tatu za ugonjwa

Hatua ya kwanza huchukua siku chache. Virusi huingia katika seli za misuli ya moyo, huzaliana humo na kuzipasua. Seli za kinga za mwanzo, zikiwamo makrofeji, hutoa kemikali ziitwazo saitokini, ambazo huita seli nyingine kuja kusaidia.

Katika hatua ya pili, takribani wiki moja hadi mbili baadaye, seli T hutambua seli zilizoambukizwa na kuziua, nazo seli B hutengeneza kingamwili. Bila kazi hiyo virusi vingeendelea kuenea. Lakini seli za misuli ya moyo hazijirudishi kama za ngozi. Zinapokufa, kovu huchukua nafasi yake. Aidha, protini zinazomwagika kutoka seli zilizopasuka, kama mayosini, huweza kudhaniwa na kinga kuwa adui. Mashambulizi huendelea hata baada ya virusi kwisha.

Hatua ya tatu ni kupona au kudhoofika. Seli T dhibiti hutuliza mapambano, na baadhi ya makrofeji husafisha mabaki. Wagonjwa wengi hupona. Kwa wengine moyo hutanuka na kushindwa kusukuma damu ipasavyo.

Maana yake kwa mhudumu na mgonjwa

Je, haitoshi kuizima kinga? Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1995, likiwa na wagonjwa 111, halikuonyesha kuwa prednisoni pamoja na dawa nyingine za kupunguza kinga ziliwanufaisha kuliko matibabu ya kawaida. Zipo aina chache za ugonjwa huu zinazohitaji dawa hizo, lakini uamuzi ni wa daktari bingwa. Mgonjwa asijinunulie dukani. Diklofenaki na ibuprofeni nazo zitumike kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa dawa za kundi hilo zimeonekana kuzidisha ugonjwa kwa panya wa maabara.

Panya walioambukizwa virusi vya Coxsackie na kulazimishwa kuogelea walipata virusi vingi zaidi moyoni, na vifo viliongezeka. Ndiyo sababu mgonjwa aliyethibitishwa hushauriwa kuepuka kazi nzito, mara nyingi kwa miezi 3 hadi 6, na kupimwa tena kabla ya kurudi kubeba mawe.

Katika ukanda huu, mchimbaji anayehema kwa shida hudhaniwa upesi kuwa na kifua kikuu, au madhara ya vumbi la mawe. Magonjwa hayo yachunguzwe, lakini mhudumu aulize pia: je, alipata homa au kuharisha wiki chache zilizopita? Je, ana maumivu ya kifua, mapigo yasiyo sawa, kuvimba miguu au kuzirai? Dalili hizo zinadai kipimo cha umeme wa moyo, troponini na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Kituo kisicho na vipimo hivyo kitoe rufaa mapema kwenda hospitali ya mkoa, au Bugando jijini Mwanza.

Siku chache za mapato zikipotea hurudishwa. Misuli ya moyo iliyogeuka kovu hairudi.