Je, nishati huhifadhiwa kwa wastani tu?

Sote tulikariri sekondari kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. (Hapo hatuzungumzii uumbaji wa Mwenyezi Mungu, ni hesabu ya kinachoingia na kinachotoka katika jaribio.) Wachache wetu tuliambiwa kuwa sheria hiyo iliwahi kushitakiwa, na mshitaki alikuwa Niels Bohr.

Mwaka 1924, Bohr, Hendrik Kramers na John Slater waliandika kutoka Copenhagen kwamba ndani ya atomu sheria hutimia kwa wastani tu. Tukio moja lingeweza kuzidisha, jingine kupunguza, hesabu ikasawazika baada ya matukio mengi. Hawakuwa watu wa mzaha. Walitaka kukwepa wazo la Einstein kwamba mwanga huja kwa vifurushi, na hiyo ndiyo bei waliyokubali kulipa.

Walther Bothe na Hans Geiger, mjini Berlin, wakaamua kupima. Eksirei ikigonga elektroni, elektroni huruka na eksirei hutawanyika. Kama sheria ni ya wastani, hakuna sababu ya mambo hayo mawili kutokea pamoja. Wakaweka vihesabio viwili, kimoja cha elektroni, kingine cha eksirei. Mwaka 1925 jibu likatoka: vilipiga pamoja mara nyingi mno kuliko bahati inavyoweza kueleza. Huko Chicago, Arthur Compton na Alfred Simon walipima pembe za migongano, wakafikia hukumu ileile. Bohr akakubali.

Chanzo cha sheria hizi kilikwisha kuonyeshwa na Emmy Noether mwaka 1918: ni ulinganifu. Sheria za leo zikiwa ndizo za kesho, nishati huhifadhiwa. Zikiwa sawa hapa na pale, momenta huhifadhiwa. Zikiwa sawa kila upande unaogeukia, momenta ya mzunguko.

Katika kwanta tunaandika AH = HA, H ikiwa opereta ya nishati. Hapa wengi huteleza mtihanini. Maana yake si kwamba elektroni ina thamani moja tu ya A, bali uwezekano wa kupata kila thamani haubadiliki muda unavyopita.

Chukua haidrojeni. Protoni huvuta kuelekea kitovu, hivyo hapa si sawa na pale: momenta ya elektroni haihifadhiwi. Lakini pande zote ni sawa, kwa hiyo momenta ya mzunguko inabaki, na nishati ya ngazi haitegemei namba m. Lete sumaku, upande mmoja uwe tofauti, na ngazi hupasuka. Pieter Zeeman aliiona dalili yake mwaka 1896, katika mwanga wa sodiamu.